Maulizo ya Nyumbani: Je, Yesu alikuwa na bibi?



Barua nyingi za mwezi huu zinauliza juu ya dote na juu ya wakwe. Nitazijibu kwa zamu yao, musichoke. Lakini kuna barua moja niliyoisoma mara tatu. Inatoka kwa mama moja wa Likasi. Bwana yake anafanya kazi ya mungodi, nao wako na watoto watano. Niliomba ruhusa yake, naye akakubali niijibu hapa bila kutaja jina.

Anaandika kwamba mutoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 19, alirudi nyumbani akamuonyesha filme moja katika telefone. Filme ile inasema Yesu alioa Maria wa Magdala na kuzaa naye mutoto. Mama akamukemea, akamuambia azime ile kitu. «Lakini usiku,» anaandika, «nililala macho wazi. Niliwaza: na kama ni kweli? Kiisha neno lingine likanijia, na hilo linanihuzunisha zaidi. Kama si kweli, kama Yesu hakuoa, basi anajua nini juu ya nyumba yangu? Bwana yangu hasemi nami tangu mwezi wa tatu. Anakula, analala, anaenda kazini. Nikiomba juu ya ndoa yangu, ninaongea na mutu ambaye hakuoa. Pasta, usinikasirikie.»

Mama, sikukasirika. Nimekaa na barua yako juma nzima. Ulizo lako ni maulizo mawili: alioa ao hakuoa? Na kama hakuoa, anaweza kutuelewa sisi tuliooa? La kwanza ni rahisi kupita vile watu wanavyofikiri. La pili ndilo zito.

Tuanze na filme. Mwaka 2003 mwandishi moja wa Marekani, Dan Brown, alitoa roman inayoitwa The Da Vinci Code, na mwaka 2006 wakaifanya filme. Roman ni hadithi ya kutunga, kila mutu aliyepita masomo anajua. Lakini huyu mwandishi aliweka ukurasa mbele ya kitabu unaosema kwamba maandiko ya zamani anayoyataja ni ya kweli. Hapo ndipo watu wengi walipotea, kwa sababu hawakujua hadithi inaishia wapi na habari ya kweli inaanzia wapi.

Maandiko ya zamani yako kweli. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi kule Misri, wakulima walikuta chungu kikubwa chenye vitabu vya zamani katika luga ya Kikopti. Kimoja kinaitwa Injili ya Filipo. Wenye elimu wanaona kiliandikwa katika karne ya pili ao ya tatu, maana yake miaka zaidi ya mia nyuma ya Yesu, wakati mashahidi wote waliomuona kwa macho walikuwa wamekwisha kufa. Kitabu kile kinamuita Maria wa Magdala mwenzake Yesu, na kinasema Yesu alikuwa akimubusu. Wapi? Hatujui, kwa sababu pale karatasi ina tundu! Wadudu na miaka wamekula lile neno. Watu wa roman wakaziba tundu kwa neno walilolipenda wao. Tena, kwa Wakristo wa zamani busu lilikuwa salamu. Paulo mwenyewe anawaagiza Waroma wasalimiane kwa busu takatifu. Kama kila busu ni ndoa, basi kanisa lote la Roma lilikuwa nyumba moja ya mitala.

Kuna habari nyingine ambayo vijana wanaitumiana. Mwezi wa tisa wa mwaka 2012, kule Roma, mwalimu mukubwa wa chuo cha Harvard, Karen King, alionyesha kipande cha papiro kidogo sana, kama santimeta 4 kwa 8. Juu yake kulikuwa na maneno ambamo Yesu anasema «muke wangu», na kiisha imekatika. Magazeti ya dunia yote yakapiga kelele. Wengine wenye elimu wakaangalia polepole, wakaona maneno mengi yameokotwa katika kitabu kingine cha Nag Hammadi, Injili ya Tomaso. Tena kulikuwa na kosa ambalo lilikuwa pia katika nakala moja ya kitabu kile iliyowekwa kwenye intaneti. Mutu wa miaka ya kale angeiga kosa la intaneti namuna gani? Mwaka 2016 mwandishi wa gazeti, Ariel Sabar, alifuata njia ya kile kipande mupaka kwa mwenyewe aliyekitoa, na mwalimu King akakubali kwamba inaonekana ni udanganyifu. Papiro yenyewe ilikuwa ya zamani, ni wino uliokuwa wa uongo. Ninyi mulio karibu na biashara ya madini munaijua hii: gunia ni la kweli, muhuri ni wa kweli, lakini ndani ni udongo. Mama King ninamusifu kwa jambo moja: alikubali mbele ya watu wote. Si wachungaji wengi wanaoweza.

Sasa tufungue Biblia. Katika Luka 8 kuna wanamuke waliomufuata Yesu na kusaidia kazi yake kwa mali yao. Angalia vile wanatajwa. Yoana ni muke wa Kuza, mutumishi wa Herode. Ndiyo desturi ya wakati ule, kama kwetu: mwanamuke anaitwa kwa bwana yake ao kwa mutoto wake, Mama Fulani. Lakini Maria anaitwa kwa muji wake, Magdala. Kama angekuwa muke wa Yesu, jina lake lingekuwa lipi? Tena angalia Yoane 19. Yesu yuko musalabani, Maria wa Magdala amesimama pale pale, na Yesu anamuweka mama yake katika mikono ya mwanafunzi aliyempenda. Mwanaume gani anayekufa anamupangia mama yake pahali pa kukaa, na muke wake, anayesimama hapo akilia, hamuachii hata neno? Na siku ya tatu, anapomutambua katika bustani, Maria hamuiti bwana yake wa nyumba. Anamuita Mwalimu.

Kisha Paulo. Katika 1 Wakorinto 9 anatetea haki yake ya kutembea na muke katika kazi. Analeta mifano: mitume wengine, ndugu za Bwana, Petro. Kama Bwana mwenyewe alikuwa na muke, Paulo angetaja hiyo kwanza, na palabre ingekwisha palepale. Hakuitaja kwa sababu haikukuwa.

Wengine wananiambia: «Pasta, Muyuda asiyeoa hakuwa anaheshimiwa, lazima Yesu alioa.» Ni kweli wengi walioa. Lakini Mungu alimukataza nabii Yeremia asioe, soma Yeremia 16. Yoane Mubatizaji hatumuoni na muke. Paulo alikuwa peke yake. Na wakati ule kulikuwa na kundi la Wayuda wanaoitwa Waesene. Yosefu Flavio aliandika kwamba wengi wao hawakuoa. Kwa hiyo kuishi bila bibi kulikuwa jambo la nadra, lakini watu walilijua.

Hapa niseme kitu pembeni, kwa sababu kinaniuma. Tukiongea juu ya Maria wa Magdala, wengi wetu tunasema alikuwa kahaba. Biblia inasema wapi? Luka anasema pepo saba walimutoka, basi. Ni papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri ya mwaka 591, aliyemuunganisha na yule mwanamuke mwenye zambi wa Luka 7. Wandugu wetu Wakatoliki walirekebisha hiyo katika kalenda yao mwaka 1969. Sisi Waprotestanti, tunaojivuna kwamba tunafuata Biblia tu, tungali tunaihubiri! Mimi mwenyewe niliihubiri nilipotoka masomo ya Biblia, na wamama wakalia. Nilikuwa ninamusingizia mutu.

Sasa nataka musikie vizuri. Sisemi Yesu hakuoa kwa sababu ndoa ni chafu. Waebrania 13 inasema ndoa iheshimiwe. Kama Yesu angalioa, hangalitenda zambi, na Wokovu wetu haungalianguka. Ninasema hakuoa kwa sababu hakuna shahidi hata moja wa kwanza anayesema alioa. Karibu na mwaka 200, kule Aleksandria, mwalimu moja anayeitwa Klementi aliandika juu ya watu waliokataa ndoa, wakisema wanamuiga Bwana ambaye hakuoa. Klementi alitaka kuitetea ndoa. Kama angejua habari ya muke wa Yesu, hata fununu tu, angewafunga kinywa nayo siku ile ile. Hakuwa nayo. Alijibu kwamba Bwana alikuwa na bibi arusi wake, ndilo kanisa. Munaona? Wanaokataa ndoa na wanaoitetea, wote walikubaliana juu ya jambo hili moja.

Basi, hakuoa. Na hapo ndipo ulizo la pili la mama linaanza kuuma, kwa sababu kwetu mutu asiyeoa anahesabiwa namuna gani? Hata akiwa na miaka 40, wanamuita kijana. Jamaa ikikaa kuongea mambo ya ndoa ya mutu, yeye anatumwa kuleta viti. Mwanamuke ni mubaya zaidi: wanamutazama kama deni lisilolipwa. Na kanisani? Ninacheka nikifikiri: Yesu angalifika kwetu leo kuomba kazi ya uchungaji, mwanaume wa miaka kama 30, fundi wa mbao, anatembea na wanaume 12 na wanamuke kadhaa wanaomusaidia kwa feza. Ulizo la kwanza la komite lingekuwa: «Bibi yako iko wapi?» Na tungalimurudisha Nazareti na barua ya adabu.

Kwa hiyo mama wa Likasi ameuliza ulizo la Kiafrika kabisa. Haulizi kama Yesu ni Mungu. Anauliza kama alikuwa mutu muzima.

Mama, hebu tuangalie nyumba ile ya Nazareti. Luka anasema Yesu alianza kazi yake akiwa na miaka kama 30. Hiyo miaka yote ya mbele aliishi nyumbani. Marko 6 inataja wadogo wake wanne kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na inasema kulikuwa na dada pia. (Wakatoliki wanawaelewa kama jamaa za karibu, hatutagombana hapa.) Hesabu wewe mwenyewe: vinywa si chini ya saba, pamoja na mama. Yosefu tunamuona mara ya mwisho Yesu akiwa na miaka 12, na wengi wanafikiri alikufa. Kama ni hivyo, muzaliwa wa kwanza ndiye aliyebeba ile nyumba. Alijua unga umebaki kipimo gani. Soma mifano yake: mwanamuke anayefagia nyumba yote akitafuta feza moja iliyopotea, chachu katika unga, baba aliyelala na watoto na hataki kufungua mulango usiku, watoto wanaocheza mchezo wa ndoa na mchezo wa kilio sokoni. Mutu asiyekaa nyumbani hasemi maneno haya.

Na dharau ya nyumbani aliijua. Marko 3 inasema jamaa zake walitoka kwenda kumukamata, wakisema amerukwa na akili. Yoane 7 inasema ndugu zake hawakumuamini. Kukaa na watu wa damu yako wanaokutazama hivyo, mama, si sawa kabisa na bwana anayenyamaza, lakini si mbali sana. Usiku wa Getesemane aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye tu. Hakuwaomba kufanya kitu kingine. Akarudi, wamelala. Akarudi tena, wamelala. Mara ya tatu vilevile. Wewe unajua kitanda chenye mutu pembeni yako na hakuna mutu.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba alipita katika kila hali. Hakupita. Hakuwa mwanamuke. Hakuzeeka. Hakuzika mutoto. Hakushuka chini ya ardhi na taa kichwani. Kama ni lazima awe ameishi kila hali ndipo aelewe, basi wote tumepotea, kwa sababu kila hali ambayo angaliichagua ingalimufungia mulango mutu mwingine. Tuseme alioa Maria. Wewe mama ungalifarijika. Mwezi ujao ningalipata barua ya mujane wa Kolwezi ambaye bwana yake alifunikwa na shimo: «Pasta, Yesu hakufiwa.» Na ile ya pili, ya dada wa miaka 38 ambaye hakuna aliyemutaka: «Pasta, hata Yesu alipata mutu wake, mimi tu nimebaki.» Huyu dada ninamujua, yuko katika kila parokia yetu, anaimba soprano na anapika kwa mikutano yote, na tunamuuliza kila mwaka mupya kama ni mwaka huu. Yeye anamukuta Yesu anakaa pembeni yake. Usimunyanganye.

Waebrania 2 na 4 hawasemi Yesu alikuwa baba, mume, mujane, mufanyakazi. Wanasema alijaribiwa kama sisi, aliteswa, na kwa sababu hiyo anaweza kusaidia wanaojaribiwa. Pahali pangu kuna mama muzalishaji ambaye hakuzaa hata mara moja. Wengine wako na watoto sita, saba. Lakini wamama wakishikwa na uchungu usiku, wanamuita yeye. Niliuliza juu ya nini. Wakanijibu: «Yeye haendi kulala.»

Na geuza lile ulizo, mama. Bwana yako ameoa. Amekuoa wewe. Je, kwa sababu ameoa, anakuelewa?

Fungua Matayo 19. Wanaume wanakuja kumuuliza Yesu kama ni halali kumufukuza bibi kwa sababu yoyote. Yesu anafunga ule mulango kwa nguvu, anarudi mupaka mwanzo wa uumbaji, anamutetea muke anayefukuzwa. Na wanafunzi wake wanasema nini? Kwamba kama ni hivyo, heri kutokuoa! Petro alikuwa pale, Petro mwenye bibi na mama mukwe. Wale waliooa hawakuona mateso ya wake zao. Yule asiyeoa ndiye aliyeyaona. Na ni palepale, katika musitari wa 12, ndipo anapoongea juu ya wale wasiooa kwa ajili ya Ufalme wa mbinguni. Walimu wengine wa Biblia wanafikiri hapo alikuwa anajibu matusi ambayo watu walimutupia yeye mwenyewe. Mimi ninaona inawezekana.

Sasa neno kwa kijana. Mwanangu, nimesikia karibu na mashimo vijana wakisema: «Hata Yesu alikuwa na wake,» na kiisha wanakaa na musichana miezi sita, akipata mimba wanahamia shimo lingine. Hata ile filme ya uongo inasema alioa! Haikupi wewe ruhusa ya kile unachofanya. Mama, usimunyanganye telefone, atatafuta ya rafiki. Kaa naye, musome pamoja Luka 8, Yoane 19 na Yoane 20, mutafute hapo yule muke. Acha atafute yeye, wewe umungojee tu.

Na juu ya bwana yako. Nimezunguka makambi ya wafanyakazi miaka mingi, na wanaume wanaonyamaza nimewaona wa namuna mbili. Kuna aliye na nyumba ya pili. Kuna aliye na woga: deni ambalo hakulisema, kazi inayopunguzwa, rafiki aliyekufa chini naye akamuona. Kwa macho hutawatofautisha. Usimuulize mbele ya watoto, wala siku ya mushahara, wala akiwa bado na buti miguuni. Muulize asubuhi ya siku ya mapumziko, ulizo moja tu, na unyamaze mupaka ajibu. Akikupiga, hiyo ni habari nyingine. Usifiche, njoo kwa muchungaji wako ao kwa mukubwa wa jamaa siku ile ile. Asipojibu, niandikie tena. Niko na muzee moja kule Likasi, alifanya mungodi miaka 30, anaweza kupita kwenu kama mutu anayetafuta maji ya kunywa. Wanaume wanaongea naye.

Mwezi ujao: wakwe wanaodai dote mara ya pili. Barua ziko saba, na moja imeandikwa na muko mwenyewe.